UZI: Nilikula Diwali nyumbani kwa watu Ahmedabad. Siku ya tatu nikatafuta jembe, nikanyimwa

Mtoto wa Kariakoo (mleta uzi)

Wakuu, kwema? Juzi humu kuna mtu alilalamika kwamba amefanya kazi na Wahindi miaka kumi na hajawahi kuona sebule ya hata mmoja. Sikuchangia. Mimi sebule nimeiona, jikoni nimefika, na paa nimepanda, na nikianza kueleza huwa sinyamazi. Nimeona bora nifungue uzi wangu.

Mwaka 2018 nilikuwa nasoma Ahmedabad, Gujarat. Chuo kikafunga kwa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, hosteli nikabaki mimi, mlinzi na paka. Rafiki yangu wa darasani akaniambia beba begi, twende kwetu. Kwao ni mji mkongwe, kwenye vichochoro wanavyoviita pol. Nyumba za mbao zenye nakshi, zimebanana hivi kwamba ukipiga chafya chumbani, jirani wa ng'ambo anakuitikia. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mji huo kwenye Urithi wa Dunia, na ndio mji wa kwanza India kupata heshima hiyo. Mimi niliposimama mlangoni niliona Unguja tupu, imekosa bahari tu. Ile milango yetu ya Mji Mkongwe mingine hata jina inaitwa ya Kigujarati, sasa nilikuwa nimesimama kwa wenyewe.

Zawadi nilikuwa nazo mbili, nimezitunza tangu Dar: korosho nusu kilo na khanga ya bibi wa nyumba. Bibi wanamwita Ba. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye paji la uso, akauliza maandishi yanasemaje. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Rafiki yangu akatafsiri. Ba akasema na wao wanalo: atithi devo bhava, mgeni ni mungu, limo kwenye Taittiriya Upanishad. Nikajiona nimechagua khanga kwa akili. Hapo hapo baba mdogo wa rafiki yangu, mwenye duka la nguo, akageuza pindo na kusoma kwa sauti: imetengenezwa India. Nyumba nzima ikacheka. Akanieleza kwamba Jetpur, mji wa Gujarat hiyo hiyo, wanachapa khanga na vitenge vya kupeleka kwetu. Nimesafirisha khanga kuirudisha kwao!

Sasa kuitana. Babu wa nyumba anaitwa Dada. Baba mdogo ni Kaka. Hayo nikayameza. Siku ya pili nikasikia watoto wanashuka ngazi mbio, "Mama! Mama!" Nikajiweka sawa, nikavuta shati, nimwamkie mama wa watu kwa adabu. Akaingia bwana mmoja ana masharubu kama fagio la chelewa, kabeba boksi la peremende. Kwa Kigujarati mama ni mjomba. Nikasema shikamoo imenikauka mdomoni.

Chakula. Kosa langu la kwanza nilimaliza sahani. Kwetu ukimaliza umeheshimu mpishi. Kule bakuli tupu ni ombi. Mama wa rafiki yangu, ambaye nilimwita Masi, yaani mama mdogo, alikuwa amesimama na sufuria anatuangalia, na kila nikifikia chini anamimina: dengu zilizotiwa sukari guru, mboga, chapati nyembamba wanaziita rotli zimepakwa samli. Nikasema basi. Neno hilo wanalo, bas, la Kiajemi lililofika kwao na kwetu. Wanalielewa vizuri sana. Hawalitii. Nikafunika sahani kwa kiganja, rotli ikapita pembeni. Babu ndiye aliyeniokoa: "Ukitaka kula mbili, anza kukataa ukiwa umekula nusu."

Halafu usiku huo wa pili, wakuu, nikaogopa kweli. Ni usiku wa kuamkia Diwali yenyewe, unaitwa Kali Chaudas. Masi kakaanga vada, bajia za dengu, kazifunga, kachukua na chombo cha maji, akasema twende. Tukafika vichochoro vinapokutana. Akaweka bajia chini, akazizungushia maji, akanong'ona. Kisha akasema turudi na tusigeuke nyuma.

Mimi mtoto wa uswahilini. Chakula, njia panda, usiku, usigeuke nyuma! Hapo kwetu ungeshapigiwa simu shehe na mchungaji kwa pamoja. Nilitembea shingo imekaza kama nimelalia mto mbaya.

Ngoja nile, naendelea.

Ndugu Mshangao

Mkuu usituache njia panda. Nimekaa paleee.

Kidevu cha Mbuzi

Hii chai. Watu wapeleke bajia barabarani halafu wakualike na wewe ukatazame? Weka picha.

Mtoto wa Kariakoo

Mkuu chai ilikuwepo, tena ya maziwa na tangawizi, mara nne kwa siku, na babu alikuwa anaimimina kwenye kisahani ndipo anainywa. Picha za njia panda sikupiga, mikono ilikuwa mfukoni inatetemeka.

Ila nilipofika ndani nikauliza. Wanachotupa ni kakalat, ugomvi wa nyumbani. Maneno yote ya mwaka, mawifi waliyonuniana, hesabu za nani kala nini, yanakaangwa na kutolewa nje kabla mwaka mpya haujaingia. Masi akaniambia mwaka huu amekaanga nyingi kuliko mwaka jana, akamtazama mkwewe. Ba akajifanya anatafuta miwani.

Mwana wa Tanga

Swali la adabu tu. Sisi wengine Waislamu, na humu wako Wakristo. Ukishaingia kwenye nyumba yenye ibada zao unafanyaje? Mimi nilikuwa Hyderabad na mgonjwa wangu, miezi miwili, ikatukuta Eid huko. Wenye nyumba tuliyopanga ni Waislamu, asubuhi wakatugongea na bakuli la sheer khurma, tambi za maziwa na tende, sawa na tambi zetu ila zinanyweka. Jirani yao Mhindu akaja kutoa mkono wa Eid, akakaa, akala. Lakini yeye hakuombwa kusali. Wewe uliombwa?

Mtoto wa Kariakoo

Sikuombwa, shehe wangu. Walipokuwa wanazungusha taa mbele ya sanamu ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa mali, nilikaa nyuma na viatu nje, nimenyamaza. Baadaye wanagawa prasad, kitu kitamu kilichotolewa kwanza kwa mungu wao. Nimemwona mwenzetu mmoja Mwislamu wa Zanzibar akiweka mkono kifuani na kutikisa kichwa, wakampitia kwa tabasamu. Hiyo ndiyo mara pekee niliyoona mtu anakataa chakula kule na akakubaliwa mara ya kwanza.

Chumba Hakuna

Mimi nitaharibu stori, samahani. Nimesoma Bengaluru. Kwenye simu chumba kipo, ukifika na sura yako chumba kimepata mtu dakika hiyo. Januari 2016 binti Mtanzania, mwanafunzi, alishambuliwa na kundi la watu barabarani pale pale Bengaluru kwa sababu ya ajali iliyosababishwa na mtu mwingine kabisa, eti kwa kuwa naye ni mweusi. Machi 2017 Wanigeria wakapigwa Greater Noida, karibu na Delhi. Huyo mungu mgeni wenu mbona hakutuona?

Mtoto wa Kariakoo

Hujaharibu. Ahmedabad hiyo hiyo nilikataliwa vyumba vinne. Mmoja alisema utapika nyama, nikamwambia sipiki, akasema utaleta wenzako wapike. Mtaani watu walikuwa wananiuliza, "Siddi?" maana Gujarat kuna wenyeji wenye asili ya Afrika, Wasidi, wapo Jambur karibu na msitu wa Gir, na ngoma yao mpaka leo wanaiita goma. Wako kule karne na karne na bado wanaulizwa wametoka wapi.

Nilichokiona mimi ni kwamba ule ukarimu unaanza kwenye kizingiti. Nje ya mlango wewe ni mtu wa sura fulani. Ukivushwa na mtoto wa nyumba, umekuwa wa nyumba, na hakuna cha katikati. Sijui kama hilo linakupoza, sidhani. Naeleza tu nilivyoingia.

Muendelezo.

Siku ya tatu, Novemba 7, ndiyo Diwali yenyewe. Nikaamka nikijua zamu yangu imefika. Si mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Nikainua sahani yangu nipeleke kwenye sinki, Masi akaninyang'anya kama nimeshika nyoka. Nikachukua ufagio, Ba akaukanyaga. Nikamweleza rafiki yangu ile methali, akawatafsiria wote pale mezani. Wakanyamaza. Ba akauliza, "Kwenu kila mgeni ana shamba?"

Basi nikakaa kama sanamu ya pili. Kazi pekee niliyoruhusiwa ni kukaa karibu na mke wa kaka yake rafiki yangu akichora rangoli kizingitini kwa unga wa rangi, nimshikie makopo. Nilitia kidole, nikaharibu jani moja, akaligeuza kuwa samaki bila kusema neno.

Jioni tukaenda dukani kwa Kaka. Wafanyabiashara wa Kigujarati siku hiyo wanafanya chopda pujan, ibada ya daftari za hesabu. Daftari jipya jekundu, ukurasa wa kwanza wanaandika neno Shri juu, chini yake mawili, chini yake matatu, mpaka inakuwa piramidi. Pembeni "Shubh" na "Labh", heri na faida. Kaka aliweka na kompyuta mpakato katikati ya maua, ikapakwa alama ya rangi nyekundu kama binadamu, maana mahesabu ya kodi yamo humo. Nilifikiria maduka ya kwetu Kariakoo, ninavyowajua wenye hesabu zao kichwani.

Fataki siwezi kueleza. Mahakama ya juu kabisa ya India mwezi uliotangulia ilikuwa imetoa amri ziwashwe saa mbili hadi saa nne usiku tu. Kichochoro chetu sijui kama amri iliwafikia. Babu mwenye miaka themanini na ushee alikuwa anawasha kwa kijiti cha ubani anakimbia na kanga za miguu zinapepea, namaanisha dhoti, ile shuka yao ya kiume.

Alfajiri bado giza nikasikia mtu anapita anaita, "Sabras!" Anauza chumvi. Mwaka mpya wa Kigujarati, Bestu Varas, ndio siku inayofuata Diwali, na cha kwanza kununua ni chumvi. Mwaka wenyewe ulikuwa 2075 kwa kalenda yao ya Vikram Samvat, kwa hiyo nimeshaishi mbele yenu.

Siku hiyo ni miguu tu. Nyumba kwa nyumba, unainama unagusa miguu ya wakubwa, wanakuwekea mkono kichwani, "Saal Mubarak," unapewa noti mpya isiyokunjwa, unapitishiwa sinia la vikaango na mukhwas ya shamari ya kutafuna. Nyumba kumi na nne. Kila nyumba inajua umetoka kula na kila nyumba inashangaa huli. Noti nilikataa nyumba ya kwanza, kwa heshima, mimi mtu mzima. Mzee akanuna kweli. Rafiki yangu akaninong'oneza, wanaotoa ni wakubwa, wanaopokea ni wadogo, ukikataa umejifanya mkubwa wake. Nyumba kumi na tatu zilizobaki nilipokea kama mtoto wa chekechea.

Na kuondoka hawasemi kwaheri. Wanasema aavjo, njoo.

Mla Korosho

Mkuu hizo korosho nusu kilo ulizozitoa zawadi zingefika kule hata bila wewe. Za kwetu Mtwara nyingi zilikuwa zinaenda India ghafi, zinabanguliwa huko, zinageuzwa kaju katli, zile peremende za umbo la almasi alizobeba mjomba mwenye masharubu. Novemba hiyo hiyo ya 2018 sisi tulikuwa tunasubiri wanajeshi waliotumwa na serikali waje kununua kwa shilingi 3,300 kilo. Diwali yetu ilikuwa ya mawazo.

Bibi Harusi Mtarajiwa

Wanaume mnaeleza mlichomiminiwa. Mimi nieleze mmiminaji.

Nilialikwa harusi Vadodara, Gujarat hiyo hiyo, ya dada wa mwenzangu chumbani. Siku nne nililala chumba kimoja na shangazi saba. Saa kumi alfajiri taa ya jikoni inawaka, ni wake wa nyumba. Wanaanza kula wageni wanaume, kisha watoto, kisha wageni wanawake, kisha wao, wamesimama, rotli zimepoa. Mimi nilikuwa mwanamke na mgeni kwa pamoja, kwa hiyo nililishwa saa nane na kuonewa huruma saa tisa. Niliponong'ona nikasaidie, bi mkubwa alinikatalia kama Ba wako. Lakini mke wa mtoto wao, aliyeolewa miezi mitatu nyuma, hakuna aliyemkatalia.

Baada ya kusema hilo, harusi ilikuwa tamu jamani. Kuna siku ya pithi, bibi harusi anapakwa manjano na ndugu, na wanaanza kwa upole wanamaliza kwa kufukuzana, nilitoka nimepakwa mpaka masikioni. Wanaotoka pwani watasema hii si singo yetu? Nami nilisema hivyo hivyo. Hina ipo, ngoma ya wanawake ipo, matusi ya nyimbo kwa upande wa pili yapo. Bwana harusi akifika mlangoni mama mkwe anamkaribisha na kumkamata pua, amkumbushe anakuja kuomba kwa watu. Ndani wanashikiwa pazia katikati wasionane, antarpat, mpaka saa itimie. Wagujarati wanazunguka moto mara nne, si saba kama wengi wanavyodhani, ingawa hatua saba nazo zipo. Na wakati bwana yupo pekupeku, wadogo wa bibi harusi wanaiba viatu vyake na kudai pesa. Mimi nilipewa kimoja nikifiche chini ya gauni langu la kitenge, maana hakuna ambaye angethubutu kumpekua mgeni. Tulilipwa.

Jioni ya kuagana, vidaai, hakuna aliyecheka tena. Bibi harusi anarusha punje za mchele nyuma ya mabega, anailipa nyumba iliyomlea. Baba mtu, mfanyabiashara mkubwa, alikaa kwenye kiti cha plastiki akalia mpaka wapishi wakazima majiko.

Wa Parklands

Nawasalimu kutoka Nairobi. Jirani zangu hapa ni Wagujarati wa kizazi cha nne. Kwao karanga ni jugu, muhogo ni mogo, ufagio ni fagio. Binamu yao alikuja kutoka Rajkot, Gujarat, akaambiwa amletee bibi fagio, akasimama tu. Mimi ndiye nilimtafsiria Mgujarati Kigujarati. Serikali yetu iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia Julai 2017 kuwa kabila la 44, na mwaka huo Diwali nilimwambia mzee wao karibu kwa makabila, sasa ugomvi wa ardhi utakuhusu. Alicheka akaniongezea chevdo, vile vikaango vya kutafuna.

Ndugu Mshangao

Nina mwaliko wa Diwali kwa bosi wangu, Upanga. Nibebe nini? Nilifikiria keki na chupa ya mvinyo.

Mtoto wa Kariakoo

Mvinyo acha nyumbani, hasa kama hujui msimamo wao. Gujarat yenyewe pombe imepigwa marufuku tangu jimbo linaundwa 1960. Keki uliza isiyo na mayai. Salama zaidi ni boksi la lozi na zabibu kavu. Kama ni wa dini ya Kijaini usipeleke hata kachori za viazi, hawali kinachong'olewa ardhini, vitunguu na saumu vikiwemo. Ukitoa pesa kwenye harusi malizia na moja, 501 au 1,001, bahasha zao nyingine huja na sarafu ya rupia moja imebandikwa kabisa. Kula kwa mkono wa kulia, hilo mama yako alishakufundisha. Na ule kidogo mchana.

Mwana wa Tanga

Ukienda Kerala siku ya Onam chakula ni juu ya jani la mgomba, mboga hazihesabiki. Ukimaliza likunje kuelekea kwako, mwenyeji ajue umeridhika. Mimi nililikunja nje, yule mama akaniuliza chumvi ilizidi wapi.

Kidevu cha Mbuzi

Sawa, chai naifuta. Ila mleta uzi, kichwa cha habari kinasema jembe ulinyimwa. Mpaka mwisho hukupewa?

Mtoto wa Kariakoo

Nilipewa. Januari 14, 2019, Uttarayan, sikukuu ya tiara. Pale mji mkongwe mapaa yamegusana, watu wote juu toka asubuhi, uzi wa tiara umepakwa unga wa kioo, ukimkata mwenzio paa zima linapiga kelele "Kai po che!" Nimekatwa mara sita, vidole vimefungwa plasta, nikashuka kunywa maji.

Jikoni walikuwa wanatengeneza undhiyu, mchanganyiko wa viazi vikuu, viazi vitamu, ndizi mbichi, bilinganya na mbaazi mbichi, ambao zamani unapikwa kwenye chungu kilichopinduliwa na moto juu yake. Nilikuwa nimeshika glasi. Ba alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kajifunga khanga yangu ya imetengenezwa India kiunoni kuzuia maganda. Hakuniamkia wala hakunikaribisha. Alisukuma bakuli la mbaazi kwa mguu mpaka likagonga kidole changu.

Nikakaa. Mbaazi najua kuzimenya tangu nikiwa mdogo, Masasi kwa bibi yangu mzaa mama. Tulimenya kama nusu saa, yeye hajui Kiswahili, Kigujarati changu ni cha kuomba chumvi. Kisha Ba akaangalia bakuli langu, akaangalia la mjukuu wake, akaniambia niongeze kasi.